Ulizeni, na Mjue Mnauliza Nini

Watu wa Kiembeni, nawaandikia ninyi mnaosali Jumapili, na wenzetu wanaoshika Sabato, na majirani zetu ambao adhana yao hutuamsha sote kabla ya jogoo. Neno hili halina dhehebu. Ni neno la ulimi, na kila mmoja wetu amepewa ulimi atakaoutolea hesabu.

Nasema hivi: tunauliza vibaya. Tunauliza kijuujuu pale panapotaka kuchimbwa, tunabana pale panapotaka kulegezwa, tunahoji pale panapotaka kimya, na tunanyamaza pale ambapo kunyamaza ni dhambi. Jambo hili limetugharimu watoto, limetugharimu ardhi, limetugharimu roho za watu.

Aprili 2023 tulipata habari ya waumini waliomfuata mhubiri wao hadi msitu wa Shakahola, kule Kilifi, wakafia humo. Ilikuja kama habari ya siku mbili. Ikawa wiki, ikawa miezi, makaburi yakifukuliwa na mengine yakigunduliwa, mpaka miili ikapita 400, na humo watoto ni wengi. Uchunguzi wa madaktari wa serikali ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa, na wengine walinyongwa au walizibwa pumzi. Msalaba Mwekundu waliweka dawati hospitalini Malindi, watu wakaja kutafuta jamaa zao kwa majina na kwa picha. Miili ya kwanza ilikabidhiwa familia Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye, baada ya vipimo vya DNA. Washukiwa waliletwa mpaka hapa Shanzu, mahakama ambayo kwetu ni mwendo wa matatu moja tu. Kesi ni ya mahakama, siingilii kazi ya hakimu. Ya mimbari ndiyo yangu.

Walionusurika walisimulia kwamba waliambiwa shule ni ya shetani, hospitali ni ya shetani, na kufunga hadi kufa ndiyo njia ya kumwona Yesu. Ndugu zangu, hakuna hata neno moja kati ya hayo linaloweza kusimama mbele ya swali hili fupi: imeandikwa wapi? Kitabu gani, sura ya ngapi, mstari wa ngapi? Swali la maneno mawili! Mtoto wa darasa la nne angeweza kuliuliza. Lakini mtu akishafundishwa kwamba kumwuliza mtumishi wa Mungu ni kumwasi Mungu, hata maneno mawili humkwama kooni.

Na sisi tuliobaki nje ya msitu je? Sisi tuliokuwa na shangazi aliyeuza vyombo vyake akahama, na binamu aliyewatoa watoto shule? Mji huu una watu wengi waliompigia simu jamaa aliyepotelea kwa mhubiri fulani, wakamwuliza, "Habari zenu huko?" wakajibiwa, "Njema, twamshukuru Mungu," wakakata simu, roho zikatulia. Swali lile halikuwa na uwezo wa kumfikia mtu anayekufa, kwa maana jibu lake lilikuwa limeshaandaliwa na adabu.

Hapa nataka mnisikilize vizuri. Sisi watu wa Pwani salamu zetu ni maswali. Hujambo? Habari za nyumbani? Watoto hawajambo? Na majibu yanajulikana kabla swali halijatoka: sijambo, njema, wazima, twashukuru. Hata mwenye mgonjwa chumbani atasema njema kwanza, ndipo aongeze, "Ila mama yao hajalala leo siku ya tatu." Silaumu salamu. Salamu ni heshima, na asiyesalimu watu amejitenga nao. Ninachokemea ni kuishia hapo. Ukisikia "njema", subiri. Usigeuze mguu. Uliza la pili, nalo liwe na jina ndani yake: kile kidonda cha baba kimefunga? Yule mdogo amerudi shule? Mnakula mara ngapi kwa siku? Swali la pili ndilo linalomwambia mwenzako kwamba hukuja kupita tu. Lau kila jamaa wa kila mtu aliyeingia msitu ule angeuliza la pili, na la tatu, na kudai kumsikia mtoto mwenyewe kwenye simu, nani ajuaye wangapi wangetolewa mapema?

Sasa fungueni Mwanzo, sura ya tatu, msome polepole. Swali la kwanza katika Biblia nzima halikuulizwa na Mungu wala na mwanadamu. Liliulizwa na nyoka. Naye hakuuliza ili ajue. Alimwuliza mwanamke kama ni kweli Mungu amewakataza miti yote ya bustani, ilhali uliokatazwa ni mmoja. Uongo ulishatiwa ndani ya swali, na mwanamke alipofungua kinywa kujibu, hata kwa kusahihisha, alikuwa ameshakubali kuzungumza juu ya msingi uliowekwa na mwongo. Hilo ndilo swali elekezi. Linajifanya linatafuta jibu, kumbe limelibeba jibu mgongoni.

Kisha jua likapunga, Mungu akaja, naye akauliza. Alimwuliza Adamu yuko wapi. Mungu ambaye hafichwi jambo! Alijua mti, alijua jani, alijua kila kitu. Hakuuliza apate habari. Aliuliza ili Adamu apate nafasi ya kutoka mwenyewe mafichoni na kusema kwa maneno yake. Adamu akasema aliogopa kwa kuwa yu uchi. Ndipo Mungu akadodosa: ni nani aliyemwambia kwamba yu uchi? Na baada ya hapo, si kabla, akauliza la ndiyo au la: je, amekula wa mti ule aliokatazwa? Mnaona mpangilio? Swali wazi lilitangulia, dodoso likafuata, swali funge likaja mwisho. Mwanamke naye akaulizwa ni nini hili alilolifanya. Na nyoka? Nyoka hakuulizwa kitu. Msome tena kama mnatilia shaka. Adamu aliulizwa, Hawa aliulizwa, nyoka alihukumiwa tu. Aliyekuja kudanganya hana swali la kuulizwa, na Hawa angalimwacha aende zake tangu neno la kwanza.

Wazazi wa Kiembeni, sisi majumbani mwetu tunaanzia alikomalizia Mungu. Kijana anaingia saa tatu usiku. Hajavua viatu, tumeshamvamia: Mbona umechelewa? Ulikuwa na wale? Umevuta? Unataka nife? Maswali manne, na hakuna hata moja linalongoja jibu. Matatu ni mashtaka na la nne ni kilio chetu wenyewe. Kijana anajifunza somo moja tu hapo, kwamba nyumbani jibu la salama ni "hakuna". Ulikuwa wapi? Hakuna. Una nini? Hakuna. Nani amekupiga? Hakuna. Analishika somo hilo mwaka baada ya mwaka, halafu siku moja polisi wanagonga mlango, nasi tunalia kwamba mtoto huyu hakuwahi kutuambia kitu.

Kiembeni yetu iko Kisauni. Mnajua hofu ya magenge ya vijana wenye mapanga, mnajua jioni ambazo maduka hufungwa kabla ya wakati. Tumezika watoto waliouawa, na tumezika waliouawa na watoto. Mnadhani genge humpataje mtoto wenu? Kwa fedha kwanza? Si kweli. Humpata kwa swali. Kuna kijana mkubwa pale maskani anamwuliza mdogo: umekula? Unalala wapi leo? Nani anakusumbua? Unapenda nini? Hayo ni maswali mazuri, ndugu zangu, maswali ambayo baba yake hajamwuliza tangu alipoanza kubadilika sauti. Shetani amejifunza kuuliza maswali ya upendo, na sisi tuliopewa upendo tunauliza kama askari wa zamu.

Kwa hiyo nawasihi: mwacheni mtoto aingie, anawe, ale. Halafu uliza swali ambalo huwezi kulijibu mwenyewe. Nani alikuchekesha leo? Kitu gani kilikukera? Kama ungekuwa mwalimu wenu, ungebadilisha nini? Ukishauliza, nyamaza. Kimya kile kitakuuma, utataka kukijaza na mawaidha. Usikijaze. Na akijibu jambo la kukushtua, usiruke. Sema, "Enhe, halafu?" Neno dogo hilo limetoa siri nyingi kuliko kiboko. Hukumu ipo, nidhamu ipo, sikatai, lakini nazo zina zamu yao, na zamu yao ni baada ya kusikia.

Na Bwana Yesu alitupa mfano pale Yeriko. Bartimayo alikuwa kipofu, kila mtu njiani alijua shida yake. Lakini Yesu hakudhani. Alimwita karibu akamwuliza anataka atendewe nini. Alimheshimu kiasi cha kumwacha ataje haja yake kwa kinywa chake mwenyewe. Mara ngapi tunamsaidia mjane kwa unga wakati alichohitaji ni mtu wa kumsindikiza ofisini kufuatilia karatasi za marehemu? Tulimwuliza? Hatukumwuliza. Tulimwonea huruma, tukaona yatosha.

Sasa nakuja kwenye jambo zito, na nataka kila mama na kila baba alishike hata kama atayasahau mengine yote. Mtoto akirudi amebadilika, anaogopa mtu ambaye jana alimkimbilia, anatembea kwa maumivu, anakojoa kitandani naye alishaacha, moyo wako utakwambia jambo, na ulimi wako utataka kulisema. Utataka kuuliza, "Ni mjomba, sivyo? Alikushika hapa, sivyo?" Nakuomba kwa jina la Mungu, uzuie ulimi. Mtoto mwenye hofu hutafuta jibu litakalompendeza mama. Atasema ndiyo kwa lolote utakalomtajia. Baadaye, mahakamani, wakili wa upande wa pili atauliza nani alilitaja jina lile kwanza, na ikionekana ni mama, mwenye hatia aweza kutoka huru, au asiye na hatia akafungwa. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, Sura ya 80, haimruhusu wakili kumtilia shahidi wake mwenyewe maneno kinywani, isipokuwa mahakama iruhusu au upande wa pili usipinge. Kama sheria inamzuia msomi mwenye joho, itakuwaje sisi, tukiwa jikoni na machozi machoni, tuyafanye yale?

Mwambie mtoto: "Niambie kilichotokea." Basi. Akinyamaza, kaa naye. Akisema, uliza, "Kisha ikawaje?" Usimwulize kwa nini hakupiga kelele, kwa nini alikwenda kule, maswali hayo humwambia kwamba kosa ni lake, na halikuwa lake. Mwambie unamwamini. Yaandike maneno yake jinsi alivyoyasema, hata kama ameviita viungo vya mwili kwa majina ya kitoto. Na usimrudishe kwa shangazi aulizwe tena, na kwa bibi tena, na kwa mchungaji tena. Asiogeshwe, nguo zisifuliwe, apelekwe hospitali upesi, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinatakiwa zianze ndani ya saa 72. Hospitali Kuu ya Pwani, pale Mombasa, ina kituo cha kuwahudumia walioumizwa namna hii. Namba 116 ni ya kuwasaidia watoto, na kuipiga ni bure. Na wale wazee watakaokuja na maneno ya "tuyamalize nyumbani", pamoja na mbuzi au bahasha, waulizwe swali moja la kuwafunga: mngemaliza nyumbani kama angekuwa wenu?

Nimesema muulize kwa upole na muulize wazi. Lakini mvuvi wa Bamburi hachukui wavu wa dagaa kumtafutia papa. Kuna mtu ambaye ukimwuliza swali wazi umempa uwanja wa kuchezea, na kwake yeye upole wako ni mtaji.

Wa kwanza ni muuza kiwanja. Watu wetu wanaweka akiba miaka, wanakopa katika chama, wanauza ng'ombe wa bara, halafu wanamfuata dalali na kumwuliza, "Hiki kiwanja hakina maneno?" Atajibu nini? Atasema hakina maneno kabisa, mama, hapa kila mtu ananijua. Umeuliza ukajibiwa, na hujui lolote. Ukanda huu una historia yake. Tangu sheria ya hati za ardhi ya 1908, enzi ya Mwingereza, ardhi nyingi ya Pwani iliandikwa majina ya watu ambao wengine hawakuwahi hata kulala juu yake usiku mmoja, na waliokuwa wakiilima wakageuka maskwota. Na Mombasa tuna desturi ambayo wageni wengi kutoka bara hawaijui: mtu anamiliki nyumba lakini ardhi iliyo chini yake ni ya mwingine, naye hulipa kodi ya ardhi ile. Kwa hiyo uliza ufunge: Unaniuzia ardhi, au nyumba tu? Hati ina jina la nani? Namba yake ni ngapi? Nikienda kesho kwa msajili wa ardhi kukagua rekodi, nitakuta jina lako? Mkeo anajua unauza? Maswali haya yana jibu moja moja. Akianza kukusimulia habari ya babu yake, rudia swali lile lile, kwa sauti ile ile. Usione haya. Heri dalali akuite mkorofi leo kuliko tingatinga likuite jina lako alfajiri.

Wa pili ni wakala wa kazi za Ghuba. Mabinti wetu wanaondoka, na wengine wanarudi salama wamejengea wazazi, namshukuru Mungu kwa ajili yao. Wengine tumewapokea katika sanduku pale uwanja wa ndege. Binti yangu unayesoma haya, usimwulize wakala kama huko kuna maisha mazuri. Mwulize hivi: Leseni yenu kutoka Mamlaka ya Taifa ya Ajira ni namba gani, na inaisha lini? Mwajiri wangu anaitwa nani, yuko mji gani? Mshahara ni riyali ngapi kwa mwezi, na nani ananikata kitu? Mkataba uko wapi niusome kabla ya kutia sahihi, na nakala ibaki kwa mama? Nikiugua, nampigia nani? Andika majibu mbele yake. Na jibu likiwa "usijali" au "mtaelewana huko huko", hujajibiwa, na safari bado. Bwana wetu aliamuru, katika Mathayo sura ya tano, kwamba ndiyo yetu iwe ndiyo na siyo yetu iwe siyo. Basi kumdai mtu ndiyo au siyo si utovu wa adabu. Ni kumwita kwenye amri.

Mwaweza kuniuliza, je, kila swali ni jema mradi ni la aina yake? La. Someni Luka, sura ya kwanza. Malaika alimjia kuhani Zakaria na akamjia Mariamu wa Nazareti, na wote wawili waliuliza. Zakaria, mzee wa madhabahu, aliuliza atajuaje kwamba ni kweli. Alitaka ushahidi kabla ya kuamini, naye akawa bubu mpaka mtoto alipopewa jina. Mariamu, msichana, aliuliza litakuwaje jambo hilo, naye akajibiwa kwa upole, akaelezwa. Maneno yanakaribiana, mioyo iko mbali. Mmoja alisimama nje ya ahadi akiikagua, mwingine aliingia ndani akitaka kujua njia. Mungu hakumnyamazisha Mariamu kwa sababu ameuliza. Yeyote anayewaambia wasichana wa kanisa kwamba kuuliza ni ukaidi, na aisome sura hiyo akiwa amepiga magoti.

Tena kuna swali la kukimbia. Yule mwanasheria wa Luka 10 alijua amri yote, akaulizia jirani yake ni nani, si kwa kuwa hakuwa na majirani, bali alitaka kujihesabia haki. Yesu alimsimulia habari ya Msamaria, kisha akamrudishia swali likiwa limegeuzwa: yupi kati ya wale watatu alikuwa jirani wa yule aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi? Mwanasheria aliulizia mipaka, akajikuta anaulizwa kazi. Tunao watu wa namna hiyo katika kila kikao chetu. Ikija habari ya mchango wa mgonjwa, wao wana maswali ishirini juu ya utaratibu, na yakijibiwa wanayo mengine. Hao warudishiwe swali moja: wewe unatoa nini?

Na majirani zetu Waislamu wanayo hadithi ambayo naipenda, nami naitaja kwa heshima. Mgeni mwenye nguo nyeupe sana alimjia Mtume wao, akakaa naye goti kwa goti mbele ya masahaba, akamwuliza juu ya Uislamu, juu ya imani, juu ya ihsani. Kila alipojibiwa alisema umesema kweli, nao wakastaajabu, mtu anauliza kisha anasadikisha! Alipouliza Kiyama ni lini, aliambiwa kwamba anayeulizwa hajui zaidi ya anayeuliza. Baadaye wakaelezwa kuwa mgeni yule ni Jibrili, alikuja kuwafundisha dini yao. Aliuliza anayoyajua ili waliokaa kimya wasikie. Walimu, hilo ni swali lenu. Wewe mama uliyekaa mkutanoni na unajua jibu, lakini unaona wenzako hawajui na wanaogopa kuonekana wajinga, uliza wewe kwa ajili yao. Nalo lile jibu la mwisho ni la kushikwa na kila mwenye kipaza sauti mjini hapa: mtu mkubwa kuliko wote katika kikao kile aliulizwa asilolijua, na hakubuni.

Barazani pia tunajidhoofisha wenyewe. Afisa anakuja, tunasimama mmoja mmoja tukiuliza, "Mtatukumbuka lini?" Hilo ni ombi la yatima. Mwananchi huuliza: barabara hii imetengewa shilingi ngapi mwaka huu wa fedha, mkandarasi ni nani, kazi inaisha tarehe ngapi? Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi iliyoombwa ijibu ndani ya siku 21, na ikiwa ni habari ya uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48. Pelekeni swali kwa maandishi, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri. Mtoto wako akikamatwa usiku, usipige kelele mlangoni pa kituo. Uliza: amekamatwa kwa kosa gani, na atafikishwa mahakamani lini? Ibara ya 49 inataka aelezwe sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa, na afikishwe kortini ndani ya saa 24, isipokuwa muda huo ukiishia nje ya saa za mahakama au siku isiyo ya mahakama.

Lakini matangani, nyamazeni. Hili nalikemea kwa nguvu zote. Mtu amefiwa leo asubuhi, mkeka haujapata joto, na sisi tumeshamzunguka: Alikuwa na nini? Mlimpeleka hospitali gani? Mbona hamkumpeleka mapema? Alikula nini jana? Kila swali hapo linamwambia mfiwa kwamba angeweza kumwokoa na hakumwokoa. Rafiki za Ayubu waliketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kumwambia neno, na hizo ndizo siku pekee walizofanya vizuri. Walipofungua vinywa kumhoji, wakawa mzigo mzito kuliko majipu yake. Kaeni. Teka maji, osha sufuria, pokea wageni. Akitaka kusimulia, atasimulia mwenyewe, nawe utasikiliza hata kama ni mara ya kumi.

Mfiwa mwenyewe, ukitaka kumwuliza Mungu kwa nini, muulize. Habakuki aliuliza mpaka lini. Bwana Yesu akiwa msalabani aliuliza kwa nini ameachwa. Hakuna aliyewakemea. Swali hilo huenda lisipate jibu upande huu wa kaburi, lakini limekubaliwa mbinguni, na mtu yeyote asikuzibe mdomo kwa mistari.

Nabaki na la nyumba ya Mungu. Mhubiri anapouliza mara kumi "Je, mnaamini?" na kanisa likaitika "Amina!" mara kumi, hakuna aliyeulizwa kitu hapo. Ule ni wimbo, na wimbo una mahali pake. Hauwezi kushika nafasi ya swali la kweli, lile ambalo aliyesimama mbele halijui jibu lake na huenda asilipende. Kule Beroya, katika Matendo sura ya 17, watu walimsikiliza Paulo mwenyewe kisha wakayachunguza Maandiko kila siku waone kama mambo hayo ndivyo yalivyo, na Luka aliwaandika kuwa waungwana kuliko wengine. Kama Paulo alichunguzwa, ni mchungaji gani wa barabara ya Malindi asiyeweza kuchunguzwa?

Basi Jumapili hii, baada ya ibada, msitoke haraka. Simameni mbele ya kila mtu muulize: fundisho la leo limeandikwa wapi? Sadaka ya mwezi uliopita ilikuwa shilingi ngapi, na imekwenda wapi? Muumini akiugua, anaruhusiwa kumeza dawa? Nani katika kanisa hili ana mamlaka ya kumwambia mchungaji hapana? Ulizeni kwa heshima, ulizeni mara mbili mkijibiwa nusu, na mahali ambapo mtafukuzwa kwa kuuliza hayo, ondokeni na watoto wenu siku hiyo hiyo. Mimi nitakuwa nimesimama pale mbele. Anzeni na mimi.